Uzoefu usio na barua ya ajira uandikweje kwenye CV?

Mkazi wa Majengo, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wangu.

Nimehitimu shahada ya ununuzi na ugavi katika Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, na tangu hapo nimekuwa nikituma maombi ya nafasi za mtunza stoo na afisa ugavi msaidizi, hasa kwa kampuni za utalii za Arusha, kwa kuwa kila kambi na kila hoteli lazima iwe na mtu wa stoo. Sijaitwa kwenye usaili wowote. Sitafuti pole, ninachotaka kuelewa ni kile ambacho CV yangu inamwambia mtu anayeisoma, maana nahisi haisemi nilichokifanya.

CV hiyo ina kurasa nne, na sehemu ya uzoefu ndiyo fupi kuliko zote. Nimeandika mafunzo kwa vitendo ya chuoni, basi. Lakini tangu nikiwa sekondari nimefanya kazi katika duka la jumla la shangazi yangu pale Mbuyuni, duka la nafaka, mafuta ya kula na sukari, ambako mimi ndiye niliyekuwa nikipokea mzigo, kuandika daftari na kuhesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi. Msimu wa watalii ukifika nimepanda Mlima Kilimanjaro, kwanza kama mgumu, yaani mpagazi wa mizigo, baadaye kama msaidizi wa mpishi, kazi iliyonikutanisha na vyakula vya msafara mzima. Kote huko sikuwahi kupewa mkataba wala barua. Shangazi hana karatasi yenye nembo; ana leseni ya biashara na daftari zake. Mlimani nako unapigiwa simu jioni, asubuhi uko langoni.

Je, kazi hizo niziandike? Nikiziandika niziite nini? Rafiki mmoja ananishauri nichongeshe mhuri wa "kampuni" ya shangazi, nijiandikie barua ya uzoefu kuwa nilikuwa Meneja Ugavi. Mwingine anasema habari za ugumu nizifute kabisa, kwamba mwenye shahada akiandika kuwa amebeba mizigo anajishusha mwenyewe. Zaidi ya hayo sijui kama niweke picha, dini na hali ya ndoa, maana kila sampuli ninayoiona ina yake. Nitashukuru zaidi kwa ushauri wa wale ambao kazi yao ni kuzisoma CV.


Dada wa Rasilimali Watu, Njiro, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Ninafanya kazi katika idara ya rasilimali watu ya kampuni yenye kambi za watalii, kwa hiyo nitakueleza kinachotokea CV yako inapofika mezani.

Tangazo la nafasi moja ya mtunza stoo huleta maombi mengi kuliko yanavyoweza kusomwa kwa utulivu, na kwa sababu hiyo mara ya kwanza sisomi, natenganisha. Ninachokitafuta ni dalili kwamba mtu huyu amewahi kukabidhiwa mali ya mwingine na kuitolea hesabu. Nikiiona dalili hiyo katika nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza, CV inabaki upande wa kusomwa. Nisipoiona, shahada peke yake haiwezi kuibakiza, kwa kuwa karibu waombaji wote wanayo. Wewe dalili unayo tena ya miaka kadhaa, lakini kwa maelezo yako hukuiandika popote, na bila kuiona CV yako nadhani ukurasa wa kwanza umejaa tarehe ya kuzaliwa, kata, wilaya na jina la shule ya msingi.

Nianze na mlima, kwa sababu ndiko ulikoshauriwa ufute. Kampuni nyingi za kambi zina stoo kuu hapa Arusha, na kambi zenyewe ziko mbali. Zile zinazohama hufuata nyumbu wa Serengeti: miezi ya mwanzo wa mwaka ziko kusini, upande wa Ndutu, na kuanzia Julai hadi Oktoba ziko kaskazini, upande wa Kogatende karibu na Mto Mara. Lori likishaondoka Arusha, kilichosahaulika hakinunuliki porini, na mpishi wa kambi hawezi kumweleza mgeni kwamba mtu wa stoo alikosea kuhesabu mayai. Sasa mtu aliyepanga vyakula vya msafara wa njia ya Machame, ambako ukishapita lango hakuna duka, akawahesabia watalii, waongozaji na wagumu kwa siku sita au saba, akagawa mizigo kwa kuzingatia kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hiyo ikapimwa langoni, huyo ameshafanya kazi yetu kwa kipimo kidogo. Hata ule ugumu wa mwanzo mimi ningeupa mstari mmoja. Unaonyesha kwamba ulianzia chini ukapandishwa, na waliokupandisha ni watu waliokuwa wakikuona kila siku.

Cheo kiwe kile ambacho mtu uliyefanya naye kazi atakitamka akipigiwa simu. Nikimuuliza shangazi yako "Meneja wako wa Ugavi alikuwa nani?" akanyamaza, mazungumzo yetu yamekwisha. Andika hivi:

"Mtunza stoo na mwandishi wa daftari, duka la jumla la familia, Soko la Mbuyuni, Moshi. Nilipokea na kuhakiki mizigo ya nafaka, sukari na mafuta ya kula kutoka kwa wasambazaji. Nilitunza leja ya bidhaa zinazoingia na kutoka. Niliongoza hesabu ya bidhaa ya kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na daftari la mauzo."

Neno "familia" usilifiche. Ukilificha nikaligundua mwenyewe, nitajiuliza na mengine. Kisha juu ya maelezo hayo ongeza ukubwa wa kazi: aina ngapi za bidhaa zilikuwa stoo, tani ngapi ziliingia kwa wiki ya kawaida, tofauti kati ya daftari na stoo ilikuwa ya kiasi gani ulipoanza na ilifikia kiasi gani baadaye. Weka tarakimu ambazo unaweza kuzitetea tu. Kwenye usaili nitakuuliza ulifanya nini gunia la maharage lilipokuja pungufu, na aliyewahi kukutana na jambo hilo hujibu kabla sijamaliza swali.

Mpangilio: jina, simu, barua pepe na mji vitoshe katika mistari miwili au mitatu. Zifuate sentensi mbili za utambulisho zinazotaja nafasi unayoiomba, kisha uzoefu ukianza na wa karibuni, kisha elimu ukianza na ya juu. Kurasa mbili zinakutosha kabisa. Kampuni nyingi za utalii zinataka CV ya Kiingereza, basi iandike kwa Kiingereza chepesi unachoweza kukizungumza, maana usaili nao utakuwa wa lugha hiyo.

Kila unapoomba, lisome tangazo lenyewe kwa kalamu mkononi. Likitaja vyakula vinavyooza, mstari wa kwanza wa uzoefu wako uwe wa mlimani, ulikobeba nyama na mboga. Likitaja vipuri vya magari, duka la Mbuyuni litangulie, kwa sababu leja ni leja hata bidhaa ikibadilika. Picha usiweke kama hawajaiomba.


Mstaafu wa Utumishi, Rau, Moshi

Mwanangu, aliyoyaandika dada wa Njiro sina ubishi nayo kwa upande wa kampuni binafsi. Naongeza tu kwamba CV hiyohiyo ya kurasa mbili usiipeleke serikalini kama ilivyo, maana huko kuna utaratibu mwingine, na vijana wengi wanaangukia hapo huku wakidhani wamenyimwa kwa sababu hawana mtu.

Maombi ya nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unajisajili kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kisha unajaza taarifa zako sehemu kwa sehemu: elimu, taaluma, uzoefu, wadhamini. Jaza kila sehemu kana kwamba hakuna CV itakayoambatishwa, kwa sababu wasifu uliopangwa vizuri hauwezi kuziba nafasi uliyoiacha wazi kwenye mfumo. Matangazo yao kwa kawaida hutaka raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini, na hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza yenye anwani na namba za simu za kuaminika pamoja na majina ya wadhamini watatu. Hilo neno "yanayojitosheleza" lina maana yake. Huko sekondari uliyosoma inatajwa, mwaka unatajwa, na cheti cha kuzaliwa kinaambatishwa. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti vyenyewe, na barua ya maombi lazima isainiwe. Lugha unaweza kutumia Kiswahili au Kiingereza.

Angalia sana majina. Huku kwetu Kilimanjaro mtu ana jina la ubatizo, jina la baba na jina la ukoo, na utakuta cheti cha kuzaliwa kina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, cha chuo kimegeuza mpangilio. Kama majina yako yanatofautiana, mwone wakili ulimalize jambo hilo kwa hati ya kisheria kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu likishatoka siku hazitoshi.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa ununuzi na ugavi, hali yako katika Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iwe na mstari wake. Kama umesajiliwa, taja daraja la usajili. Kama uko kwenye mitihani, taja ngazi uliyofikia. Halafu kuna NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 ukichukua nafasi ya TANePS. Kama uliugusa wakati wa mafunzo kwa vitendo, sema ulifanya nini ndani yake, hata kama ni kupakia nyaraka za zabuni chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Naona wahitimu wanaandika "ujuzi wa kompyuta" halafu wananyamaza, na mimi sijui hata kama kompyuta wanaiwasha wenyewe.

La mhuri. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wamebakiza miaka michache kustaafu. Ule ulikuwa uhakiki wa vyeti vya shule na barua za uzoefu hazikuwamo, najua. Lakini kughushi ni kosa la jinai popote, na matangazo ya Sekretarieti yenyewe huonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Isitoshe, mhuri huo unaweza kumtia shangazi yako matatani kwa jambo ambalo hakulifanya.


Steshenari ya Stendi, Moshi

Mimi nipo upande wa kuzichapa. CV zinapita mikononi mwangu kutwa nzima, na niseme wazi kwamba sisi wenye steshenari tumechangia ubaya wa nyingi. Mteja anakuja na haraka, gari la Arusha linamsubiri, anasema "niwekee kama ya yule." Tunafungua CV ya yule, tunafuta jina, tunaandika jipya. Ndiyo maana vijana wa mtaa mzima wana sentensi moja: kijana mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, awezaye kufanya kazi katika mazingira yoyote na bila kusimamiwa. Mambo wanayoyapenda nayo ni yaleyale, kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo na wengine. Nimewahi kuona CV iliyotoka na wadhamini wa mtu mwingine kabisa. Mwajiri anapopokea kadhaa zenye maneno hayohayo, hana sababu ya kuamini hata moja.

Kwa hiyo kaka, njoo na maneno yako yakiwa yameandikwa tayari, hata kwa mkono kwenye daftari, sisi tukuchapie. Mwambie mchapaji aanze ukurasa mtupu. Usikubali jedwali, visanduku vya rangi wala safu mbili; vinapendeza kwenye kioo, lakini kampuni kubwa zinazopokea maombi kwa mtandao hutumia programu zinazoyachambua maandishi kabla ya mtu kuyaona, na programu hizo mara nyingi husoma safu mbili kwa kuzichanganya, mwaka wa kazi ukaenda kukaa kwenye jina la shule. Herufi za kawaida, ukubwa wa 11 au 12, vichwa vya sehemu kwa wino mzito, basi. Itunze kwa namna mbili: faili la Word la kurekebishia na PDF ya kutuma, maana Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inaweza kuhama. Faili lipe jina lako na nafasi unayoomba. Sisi huku tunakutana na mafaili yanayoitwa "CV mpya mpya 3", na huyo anayeyapokea Arusha ana mengine kama hayo kwenye folda moja.

Barua pepe iwe ya jina lako. Ile uliyofungua sekondari yenye jina la mchezaji wa mpira iache kwa marafiki. Na ukituma, usitume kiambatisho peke yake kwenye ujumbe mtupu: andika mistari mitatu minne, wewe ni nani, nafasi ipi, tangazo uliliona wapi, umeambatisha nini.

Jambo la mwisho nalisema kinyume na biashara yangu: ukimaliza kuchapa, hakikisha faili lako limefutwa kwenye kompyuta ya steshenari, na barua pepe umeitoka. CV ina namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, wakati mwingine na namba ya NIDA, na kompyuta zetu zinashikwa na kila mtu.


Msomi wa Sheria, Sakina, Arusha

Nachangia mambo mawili ambayo naona hayajaguswa, kwa kuwa yanahusu haki ya mwulizaji.

La kwanza ni la barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Waajiri wadogo wengi hawaitoi, na wafanyakazi wengi hawaidai kwa sababu hawajui kwamba ipo. Kwa hiyo kuanzia sasa, hata kazi ya msimu ikiisha, iombe kwa maandishi na kwa adabu, siku unapochukua malipo ya mwisho, kabla watu hawajatawanyika. Kwa kazi zilizopita hakuna kinachomzuia shangazi yako kuandika barua ya kweli kwenye karatasi ya kawaida: jina lake, namba ya leseni ya biashara, mahali duka lilipo, tangu lini hadi lini ulifanya kazi, ulikuwa ukifanya nini, kisha saini na namba ya simu. Barua ya namna hiyo ina thamani kwa sababu mwandishi wake yupo na anaweza kuulizwa. Kiongozi wa misafara uliyopanda naye mara nyingi anaweza kuandika vilevile, naye ana leseni inayomtambulisha.

Hata hivyo shangazi asiwe mdhamini wako. Barua yake ni ushahidi wa kazi, ila kwenye orodha ya wadhamini msomaji anategemea watu wasio na damu yako: mhadhiri aliyekusimamia, kiongozi wa msafara, au msambazaji aliyekuwa akileta mzigo dukani, ambaye kwa maoni yangu ndiye bora kuliko wote, kwa kuwa alikuwa upande wa pili wa hesabu zako na hakuwa na sababu ya kukupendelea. Waombe ruhusa kwanza, uwaeleze ni nafasi gani unaomba, na uhakikishe simu zao zinapokelewa. Mdhamini aliye mlimani kwa wiki nzima bila mtandao taja pia barua pepe yake.

La pili ni dini, kabila, picha na hali ya ndoa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwajiri kubagua kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji wa kazi. Hakuna sheria inayokukataza kuviandika, ila hakuna faida unayoipata, na unaweza kumpa msomaji sababu ya kukuhukumu kwa jambo lisilohusu kazi. Kama fomu ya mwajiri inadai tarehe ya kuzaliwa au uraia, jaza fomu. Kwenye CV ya kampuni binafsi viache. Namba ya NIDA nayo usiitangulize; wataiomba watakapokuajiri, na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, anayekusanya taarifa zako anawajibika kuzilinda na kuzitumia kwa lengo alilozikusanyia.


Mkazi wa Majengo, Moshi

Nawashukuru sana wote, na mzee wangu wa Rau nimekuelewa. Habari ya mhuri nimeachana nayo. Jana nilikaa na shangazi tukafungua daftari za zamani, na nimeshangaa kuona mambo niliyoyafanya nikayasahau, mfano tulipoacha kupanga magunia mapya mbele ya ya zamani ili lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na wadudu kwenye maharage wakapungua. Nimeandika upya sehemu ya juu, naomba muikosoe:

"Mhitimu wa shahada ya ununuzi na ugavi mwenye uzoefu mkubwa na wa kipekee wa kupokea, kutunza na kutoa bidhaa katika duka la jumla na katika misafara ya Mlima Kilimanjaro. Bingwa wa Excel. Naomba nafasi ya mtunza stoo.

Mtunza stoo na mwandishi wa daftari, duka la jumla la familia, Soko la Mbuyuni, Moshi. Nilisimamia stoo yenye aina zaidi ya 40 za bidhaa. Nilianzisha utaratibu wa bidhaa iliyotangulia kuingia kutangulia kutoka, jambo lililopunguza nafaka zilizoharibiwa na wadudu. Nilihesabu stoo kila mwisho wa mwezi na kueleza kwa maandishi kila tofauti iliyopatikana."

Swali langu la nyongeza: kati ya kazi ya duka na ya mlimani kuna miezi ambayo nilikuwa masomoni, na mingine nilikuwa nyumbani namuuguza bibi. Niifiche kwa kuandika miaka mitupu bila miezi?


Dada wa Rasilimali Watu, Njiro, Arusha

Hapo sasa nimekuona. Ule mstari wa wadudu wa maharage ndio ambao ningeuzungushia kalamu, kwa sababu una tatizo, una ulichokifanya na una kilichobadilika, na hakuna sampuli ya steshenari iliyokuwa nao.

Punguza sifa. "Mkubwa na wa kipekee" yafute. Duka na mlima vitasema vyenyewe. "Bingwa wa Excel" nayo ifute, kwa sababu kwetu anayeandika hivyo hukalishwa mbele ya kompyuta siku ya usaili. Andika unachoweza kukifanya: kutunza leja ya stoo kwenye Excel, kujumlisha, kuchuja, na kuweka tahadhari ya bidhaa inayokaribia kuisha, kama kweli unaweza. Kama huwezi, jifunze hilo moja wiki hii kabla ya kutuma, halihitaji cheti. Hizo aina zaidi ya 40 za bidhaa hakikisha zinatoka kwenye daftari mlilolifungua jana, maana nitakuomba unitajie baadhi.

Miezi iandike. Ya masomo inajieleza kwa kuwa shahada ina tarehe zake, na ya kumuuguza bibi haihitaji zaidi ya maneno machache yenye mwezi na mwaka: "majukumu ya familia." Anayeandika miaka mitupu hunifanya nihesabu vidoleni nikitafuta alichoficha, na muda huo nautumia kwa CV yake badala ya kusoma kazi aliyoifanya. Ukiulizwa kwenye usaili, jibu kwa sentensi moja kisha urudi stoo.

Kambi nyingi hutafuta watu wa stoo kabla ya msimu wa Juni, wakati wa mvua za Aprili na Mei ambapo baadhi ya kambi zimefungwa na ofisi zina nafasi ya kusoma maombi. Ukituma Julai, atakayeipokea yuko simuni anatafuta lori lililokwama njiani kwenda Serengeti.